Vitonge vya tende vya mtoto wa shule vinachacha: kosa liko kwenye nazi

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tabata. Mkubwa ana miaka sita, yuko darasa la kwanza. Gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na chakula anakula mapumziko ya saa nne. Nilichoka kumpa hela akanunue vitu nisivyovijua, nikaona kwenye simu mapishi ya vitonge vitamu visivyookwa: tende, karanga za kusaga, oti, asali, nazi kavu na mafuta ya nazi. Unachanganya, unafinyanga, basi. Mara ya kwanza vilirudi vimeshikana kama ugali wa jana. Mara ya pili nilitengeneza Jumapili, Jumanne mtoto akasema vinachacha, na usiku ule tumbo likamuuma. Rafiki yangu anasema niongeze asali kwa kuwa asali haiozi, tena vitonge havina sukari hivyo ale anavyotaka. Mama mkwe naye anasema karanga za sokoni zina sumu. Nishike lipi? Na huyu mdogo wa miezi kumi anavililia, naweza kummegea?"

Dada yangu, swali lako la mwisho nalijibu kwanza maana ndilo lenye haraka. Mdogo usimmegee. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka haonjeshwi asali kabisa, hata ncha ya kijiko, hata ile ya kupaka kwenye fizi ambayo bibi zetu waliiamini. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumboni kwako, au kwa huyo mkubwa, mbegu hizo hupita tu. Kwa mtoto mdogo, tumbo halijajaa bado wale bakteria wazuri wa kuzizuia, hivyo zinaweza kuchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha asali jikoni hakuziui. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra, kwa hiyo kama ameshalamba usishikwe na hofu, ila mwangalie wiki chache zijazo. Ukiona hapati choo siku kadhaa, ananyonya kinyonge, kilio kimefifia au shingo inalegea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari kwamba alionja asali.

Na hata ukiitoa asali, kitonge ni duara na kinanata, umbo baya kuliko yote kwa koo la mtoto mdogo. Karanga hazijakatazwa kwake. Zisage laini kabisa, uzikoroge kwenye uji wake, na hapo anapata faida yote bila hatari ya kupaliwa. Ila kama ana pumu ya ngozi iliyo kali, au aliwahi kuvimba baada ya kula kitu, mwone daktari kabla ya kumwonjesha karanga.

Sasa tuje kwenye vitonge. Niliposoma orodha yako nilisimama kwenye neno moja: nazi kavu. Sisi watu wa pwani tukisikia nazi kavu tunajua ni nazi iliyokomaa, ile iliyopita dafu, ikapita koroma, ukiitikisa maji yanacheza ndani. Unaivunja, unakaa kwenye mbuzi, unakuna. Nina hakika ndivyo ulivyofanya, na mimi ningefanya vivyo hivyo. Lakini aliyeandika mapishi yale alikuwa na maana nyingine. Yeye alikusudia chenga za nazi zilizokaushwa kiwandani, zile za pakiti zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, ambazo zimebakiwa na maji ya asilimia 3 hivi tu. Nazi uliyokuna wewe karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa lugha yetu, yeye alitaka kitu kinachokaribia mbata, nazi iliyokaushwa kabisa, wewe ukamtilia nazi ya wali.

Na nazi ya wali unaijua tabia yake. Mchuzi wa nazi uliopikwa mchana ukiachwa mezani bila kuchemshwa tena, asubuhi umechacha, na huo umeshapita motoni. Yako ilikuwa mbichi, imeshikwa na mikono, imechanganywa na sukari ya tende, ikakaa kuanzia Jumapili. Mtoto wako alisema kweli, tena mpongeze kwa kusema badala ya kumeza kimya.

Linaloharibu chakula hasa ni maji yaliyo huru ndani yake, yale ambayo bakteria na kuvu wanaweza kuyatumia. Tende ina maji pia, kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, lakini sukari yake imeyakamata na haiyaachii. Bakteria akitua juu ya tende ni kama mtu aliyeachwa katikati ya chumvi: badala ya kunywa, ananyonywa yeye. Ndiyo maana boksi la tende linakaa miezi bila friji. Ukiingiza nazi mbichi, au maziwa mabichi, au ndizi ya kuponda, umeleta maji mengi kuliko sukari inavyoweza kuyashika, na mlango umefunguka.

Utaniuliza, mbona kashata za nazi zinakaa kwenye sinia la muuza kahawa wiki nzima na hazichachi? Kwa sababu yeye alizipiga moto. Nazi na sukari vilichemka pamoja mpaka maji yakaondoka, sukari ikaganda. Hapa ndipo mapishi ya "bila kuoka" yanapowachanganya watu wengi. Bila kuoka maana yake huhitaji oveni. Haina maana kwamba huhitaji moto. Karibu kila kitu kinachoingia kwenye kitonge kizuri kimeshapita motoni mahali fulani. Oti zilipitishwa kwenye mvuke kiwandani kabla ya kubanwa, ndiyo maana unaweza kuzila hivihivi. Biskuti zimeokwa. Karanga lazima zikaangwe. Kisichopita motoni huko kwao, kipitishe wewe jikoni kwako. Kwa hiyo ukikuta mapishi mengine yanakuambia utie unga wa ngano mkavu kutoka kwenye pakiti, au unga wa lishe ambao haujakaangwa, au yai bichi, yaache. Unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya tumbo kama chakula kingine chochote kibichi, ila kwa kuwa ni mweupe na mkavu hakuna anayeushuku.

Rafiki yako kuhusu asali yuko sahihi nusu. Asali ikiwa peke yake kwenye chupa iliyofungwa haiozi, kwa sababu ileile ya sukari kukamata maji. Lakini asali ina pupa: huvuta unyevu popote ulipo, kwenye nazi, kwenye hewa, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu wa kutosha kulowesha kiberiti. Ikishapata maji ya ziada, hamira zilizolala ndani yake huamka. Wanaotengeneza wanzuki, pombe ya asali, wanalijua hilo vizuri. Wao huongeza maji makusudi. Ukiongeza asali kwenye vitonge vyako vyenye nazi mbichi, unapata vitonge laini zaidi, vitamu zaidi, na vyenye dalili za pombe. Mimi kwenye vitonge vya tende asali siitii kabisa. Tende inatosha kuwa tamu na inatosha kunata.

Halafu kuna kushikana kama ugali wa jana. Hapo mwenye kosa ni mafuta ya nazi, na hayana hatia ila ya kuzaliwa huku. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 au 25. Kwenye nchi za baridi yanakaa magumu kama samli ya friji, na ndiyo saruji inayoshika kitonge kisibomoke. Hapa kwetu umeyaona mwenyewe: yanaganda kwenye chupa asubuhi za Julai, lakini Februari, ambapo hata usiku joto liko karibu na nyuzi 25, ni maji usiku na mchana. Ukivitoa vitonge kwenye friji vinasimama imara, ukafurahi. Kufika saa nne ndani ya begi, kwenye darasa lenye watoto arobaini, saruji imerudi kuwa mafuta. Chokoleti ya kupaka juu ina shida hiyohiyo, inachelewa kidogo tu. Yaondoe hayo mafuta. Karanga zikisagwa vizuri zinatoa mafuta ya kutosha.

Hivi ndivyo ningefanya mimi kwa mtoto anayekula karibu masaa matano baada ya kutoka nyumbani. Chukua tende gramu 200, uzipasue moja moja utoe kokwa na uangalie ndani, maana wadudu hupenda kujificha humo, hasa kwenye zile za kubandikana zinazouzwa kwa kilo wakati wa Ramadhani. Usiziloweke. Najua mapishi mengi yanasema loweka, lakini ukiloweka unarudisha maji tuliyokuwa tunayakimbia. Kama ni ngumu, zipitishie mvuke dakika chache juu ya sufuria, zifute, kisha zitwange. Kinu kinafanya kazi hii kuliko blenda za nyumbani, ambazo tende huzinatia visu mpaka zinanuka waya. Kiwe kinu kikavu, na tafadhali kisiwe kile cha kitunguu saumu.

Karanga gramu 150, zikaange kwa moto mdogo, zimenye, zipoze kabisa, zitwange zibaki na chenga ndogo. Oti gramu 100, nazo zigeuzegeuze kwenye kikaango dakika tano mpaka zinukie. Nazi ukiipata ya pakiti tia gramu 50. Ukitaka ya kwako mwenyewe, ikune upate gramu 100, itandaze kwenye sufuria pana, moto mdogo kabisa, koroga bila kuondoka. Mwanzo itatoa mvuke na kushikana. Endelea. Inakuwa tayari pale chenga zinapoachana zenyewe, zinapiga kelele kama mchanga ukikoroga, na ukizifikicha kidoleni hazikuachii ubichi. Ukiwa na mizani, zile gramu 100 zibaki 55 hivi. Machicha yaliyobaki baada ya kukamua tui yanaweza kutumika pia, mradi uyakaushe siku hiyohiyo, ila utamu wake umeshakwenda kwenye wali.

Subiri kila kitu kipoe kabla ya kuchanganya. Watu hupuuza hili. Ukifinyanga vikiwa vya moto na kuvifunga kwenye kikontena, mvuke unagonga kifuniko, unarudi chini kama matone, na kazi yote ya kukausha imekwenda bure. Changanya, tia chumvi kidogo na iliki kama anaipenda, nawa mikono uikaushe, ufinyange. Kwa vipimo hivyo unapata vitonge 25 vya gramu 20, ukubwa wa ndimu ndogo. Vikikataa kushikana ongeza tende mbili. Usiongeze maji.

Vikae kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa, na ndani ya wiki viwe vimeisha. Kama friji yako ina sehemu ya kugandishia, hapo ni pazuri zaidi: gandisha vyote, na kila alfajiri toa viwili uvitie moja kwa moja kwenye kikontena cha shule, ufunge. Hadi saa nne vimeyeyuka vikiwa bado na ubaridi. Usivifungue njiani, kwa sababu kitu baridi kikikutana na hewa yetu kinatoka jasho, na jasho lile linatua juu ya kitonge chenyewe badala ya nje ya kikontena. Umeme ukikatika siku nzima, vitonge hivi vikavu vinavumilia. Vile vya nazi mbichi vitupe bila kuonja. Na kitonge chochote ukikiona kina ukungu, hata nukta moja, usikwangue ukala kilichobaki.

Mama mkwe sasa. Msikilize. Anachokisema ni sumukuvu, sumu inayotolewa na kuvu wa jamii ya Aspergillus anayeota kwenye karanga na mahindi yaliyokauka vibaya au kuhifadhiwa penye unyevu. Hiyo si hadithi: mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa kiasi kidogo kinachorudiarudia haiumizi mtu siku hiyo, lakini inalichosha ini, na baada ya miaka inaongeza hatari ya saratani ya ini. Tatizo ni kwamba kukaanga kunamuua kuvu, ila sumu yake inavumilia moto. Inapungua, haiishi. Wala haina harufu wala rangi ya kukuonya.

Kwa hiyo silaha yako ni macho, tena kabla ya kukaanga. Nunua karanga nzima ambazo hazijakaangwa wala kusagwa, kwa muuzaji ambaye mzigo wake unatembea haraka. Zile za kusaga za kupimiwa kwenye kopo siwezi kukushauri, kwa sababu mashine inasaga nzuri na mbaya pamoja na hakuna tena wa kuzitambua. Zikifika nyumbani, zimwage kwenye ungo. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye weusi au ukijani, zilizoota. Baada ya kukaanga na kumenya, chambua mara ya pili, maana ganda jembamba huficha mengi. Sumu hii hukusanyika kwenye punje chache mbaya, ndiyo maana kuchambua kunaondoa sehemu kubwa yake. Ukitafuna moja ikawa chungu, tema, usijilazimishe. Zile mbaya usimpe hata kuku. Ukiona kazi ni kubwa, siagi ya karanga ya kopo yenye nembo ya TBS ni njia nyingine, au badilisha kabisa utumie ufuta au mbegu za maboga. Korosho nazo ni nzuri, mfuko ukiruhusu.

Kuhusu "havina sukari" nitampinga rafiki yako moja kwa moja. Tende kavu karibu theluthi mbili ni sukari. Kitonge kimoja cha vipimo vyangu kina gramu 5 hivi za sukari, zaidi kidogo ya kijiko cha chai, na kama kalori 85. Ni kweli kwamba sukari ya tende nzima inakuja na nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani haliiweki kwenye kundi moja na sukari ya mezani, wakati asali linaiweka. Lakini jino halisomi miongozo. Tende inanata kwenye magego na bakteria wa meno wanaipenda kama pipi. Viwili kwa siku ya shule vinatosha, pamoja na maji ya kunywa, halafu asukutue mdomo. Kama chakula chake cha saa nne ni hicho tu, muongezee yai la kuchemsha lililomenywa asubuhi hiyohiyo, au kiazi kitamu. Siku nyingine mpe karanga na kipande cha nazi, bila kufinyanga chochote; sisi tulikula hivyo na tulisoma.

Kuna mapishi mengine ya biskuti za kusaga na maziwa mazito ya kopo, ambayo utayakuta kila mahali. Kiusalama ni mazuri, yanakaa kwa sababu maziwa yale yamejaa sukari. Kwa lishe ni keki ndogo. Siku ya kuzaliwa, sawa. Kila siku, hapana.

Kabla hujampa vya karanga aende navyo, muulize mwalimu kama darasani kuna mtoto asiyepatana na karanga. Wapo, na kwa baadhi yao kipande cha kupewa na rafiki ni hatari ya dakika chache. Midomo ikivimba, mabaka yakitoka mwili mzima, mtoto akitapika ghafla au akihema kwa shida baada ya kula, hapo hakuna kusubiri maziwa wala mkaa: ni kukimbilia hospitali iliyo karibu. Kwa upande wenu wa Tabata, Amana si mbali. Na mwambie wako ale akiwa amekaa, asile kwenye gari la shule likiwa linaruka matuta.

Tumbo la Jumanne ile siwezi kulihukumu kutoka hapa. Inawezekana ni vitonge, inawezekana ni kitu kingine alichokula shuleni. Kama liliuma usiku mmoja likaisha, limeisha. Lakini likirudi, akitapika kila anachokunywa, akiharisha damu, akiwa na homa, macho yamedidimia, hakojoi au analala isivyo kawaida, mpe maji ya ORS (ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini) kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya. Kama una kilichobaki cha chakula alichokula, kibebe.

Jumamosi hii fanya hivi. Toa vitonge viwili kwenye friji saa kumi na moja na nusu, vifunge kwenye kikontena chake, ukitie ndani ya begi lake, begi uliweke sebuleni lilipo joto, umzuie huyo mkubwa asilifungue. Saa nne fungua wewe, nusa, uvile. Kama umevimaliza vyote viwili, Jumatatu mfungie.